Ekzosi Zilizokuja Kuposa

Niliota usiku wa jana kwamba posa imekuja nyumbani kwangu Soni, na anayeposwa ni pikipiki yangu.

Sikushangaa. Kilichonishangaza ni kwamba wageni walikuwa wamevua viatu mlangoni, ilhali hawana miguu. Walikuwa ekzosi, pea mbili, wamelazwa kwenye jamvi sebuleni. Pembeni yao palikuwa na nafasi tupu iliyofagiliwa vizuri, kama ya mtu anayetarajiwa.

Kabla sijaendelea na posa, inabidi nieleze mambo ya mchana, maana ndoto hii haikuanzia kitandani.

Pikipiki yangu ni kubwa na kuukuu, ya silinda mbili zilizoachana kama vidole viwili vya mtu anayeagiza chai mbili kwa mbali. Niliachiwa na mpima barabara mmoja aliyemaliza kazi yake akarudi kwao kwa basi, na sasa najua kwa nini alipanda basi. Nimezunguka nayo Handeni, Kondoa, mpaka Tunduru, nikitengeneza cherehani za watu. Mke wangu, Mama Mbelwa, huiita mke mwenzangu. Asubuhi huniuliza, "Mke mwenzangu ameamkaje?" na mimi humjibu kwamba ameamka anavuja, lakini mzima.

Ekzosi zake za kuzaliwa nazo zilikuwa na mlio wao. Tu-tu, kimya kidogo, tu. Mlio wa mtu mnene anayepanda mlima akiwa na jambo la kusema. Ukitoka Mombo, barabara inapanda kwa kona mpaka karibu na maporomoko ya Soni, na pale darajani mlio ule ulikuwa unagonga miamba unafika nyumbani kabla yangu. Mama Mbelwa akiusikia anaweka sufuria ya maji ya ugali jikoni. Ninapofika yanachemka. Tangu tuoane sijawahi kupiga hodi nyumbani kwangu. Pikipiki ilinipigia.

Mwezi uliopita ekzosi ya kushoto, iliyokuwa imeoza muda mrefu kwa siri, ilidondoka kwenye kona ikabingirika korongoni. Niliisikia ikishuka, ikigonga jiwe moja baada ya jingine bila haraka, kama mtu aliyeacha kazi na hataki kubembelezwa. Ya kulia nayo ikapasuka kwa huzuni. Siku ile nilipofika nyumbani nilikuwa nanguruma kiasi kwamba Mama Mbelwa alidhani lori la mbao limekatika breki. Akafunga mlango kwa kufuli, akakusanya kuku, akahamia kwa jirani yetu Mzee Kaoneka. Nililala jikoni.

Juzi nikaiacha pikipiki Mombo kwa Fundi Salekwa, nikapanda mlimani na gari la kabichi lililokuwa linarudi tupu. Nikafika. Hakuna sufuria.

"Nijuaje kama umekuja?" Mama Mbelwa akasema. "Hujalia."

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kuanzia.

"Sikiliza, Baba Mbelwa," akaendelea, huku anachambua maharage. "Mimi kukisia nimechoka. Weka ekzosi unayotaka, pikipiki ni yako. Lakini ukija na mlio nisioujua, mlango sifungui. Utapiga hodi kama mgeni, na mimi nitakujibu kama mgeni."

Sasa, Salekwa ana pea mbili tu za kunifaa. Zile za asili hazipo tena. Kwa maneno yake, hata waliozitengeneza wameshasahau kama waliwahi kuzitengeneza. Kuna fupi zinazong'aa, zilizo wazi ndani, ambazo yeye anaziita za kiume. Na kuna ndefu nyeusi, zisizo na neno, ambazo anaziita za ofisini. Akanipa mpaka leo asubuhi nichague. Akanipa na masharti: zifungwe zote mbili za aina moja, mdomo wa ekzosi ulingane na bomba linalotoka kwenye injini, na ndani pawe na kitu cha kuuzuia moshi kidogo, maana ekzosi isiyozuia chochote inamaliza nguvu za injini.

Nikalala na masharti hayo tumboni, pamoja na kiporo cha ugali. Ndiyo posa ikaja.

Mshenga alikuwa Spana ya Kumi na Saba. Alikuwa amevaa koti.

"Mzee Shekiondo," akasema, "tulipita Mombo tukaona kitu kimeinama upande mmoja kinavuja oili. Vijana wetu wamekipenda."

"Yule ni mzee," nikamwambia. "Msije mkasema nimewaficha."

"Hatuposi umri. Tunaposa mlio."

Pikipiki ilikuwa nyuma ya pazia, imefunikwa khanga mpya, taa tu inachungulia. Nikaona ni haki aulizwe mwenyewe. Nikauliza bibi harusi anasemaje. Nyuma ya pazia likadondoka tone moja la oili.

"Amekubali," mshenga akasema, na wageni wakaanza kupiga vigelegele.

"Hapana," nikasema. "Huyo ndivyo alivyo kila siku."

Vigelegele vikakatika. Mshenga akatoa kipimo cha chuma, kile cha meno mawili cha kupimia vipenyo, akanikaribia mimi badala ya kwenda nyuma ya pazia. Akanitia kipimo mdomoni.

"Mdomo lazima ulingane," akaeleza.

"Wa kwangu wa nini?" nikauliza, kadiri mtu anavyoweza kuuliza akiwa na chuma kati ya meno.

"Wewe ni nani kwake? Baba au mume? Umelala naye porini mara ngapi?"

Nikafikiri. Nikasema labda niandikwe kama mlezi.

"Mlezi naye anapimwa," akasema, akasoma kipimo, akatikisa kichwa. "Mpana. Huyu ameongea sana maishani."

Nilipofumba mdomo, jamvi lilikuwa benchi la Fundi Salekwa na sebule yangu ilikuwa Mombo. Joto lilinijulisha. Salekwa amevaa koti jeupe la daktari lenye mafuta ya gia, ameniinamisha, ameweka sikio mgongoni kwangu.

"Vuta pumzi, mzee."

Ninavuta.

"Toa."

Ninatoa. Mgongo unalia tu-tu, kimya, tu.

"Umeona?" Salekwa anasema. "Mapafu mawili, na yote unayapitisha mdomo mmoja. Ndiyo maana milima inakushinda. Kila pafu linataka bomba lake."

"Watu wote wana mdomo mmoja, Salekwa."

"Na wote wanalalamika kuchoka."

Akachukua mashine ya kutobolea, akanitoboa mgongo sehemu mbili. Haikuuma. Ilitekenya, halafu nikasikia upepo wa Mombo unapita ndani yangu, wenye vumbi na harufu ya chapati za stendi.

"Tunaanza na za kiume," akasema.

Zile fupi zikashuka kwenye benchi zenyewe, zinang'aa kama meno ya mtu aliyetoka kulipwa.

"Shikamoo mzee!" zikasema pamoja, na mabati ya paa yakanyanyuka, yakarudi.

"Marahaba. Msipige kelele."

"Hatupigi kelele, mzee wetu. Hapa tunanong'ona."

Zikafungwa. Nikajitazama kwenye kioo cha gari bovu lililokuwa pale uani. Nilimwona mzee mwenye kitambi, miguu myembamba kama ya korongo, na mgongoni ana mabomba mawili yanayometameta kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Mtu mwenye akili angecheka. Mimi nilivuta tumbo ndani, nikageuka nijione na upande wa pili. Nilipendeza. Nasema kweli, nilipendeza.

Ninapanda mlima. Pikipiki sina, ninakimbia mwenyewe katikati ya barabara, kwenye kona ninalalia upande kama inavyotakiwa. Mlio wangu unatangulia mbele na mwingine unafuata nyuma. Mashambani kabichi zinajifunga majani moja baada ya jingine. Watoto wa shule wananipungia mkono, na mimi, kwa kuwa ni mpumbavu, ninaongeza moto. Mbuzi aliyefungwa kando ya barabara ananitazama mpaka ninamfikia.

"Una umri gani wewe?" ananiuliza.

Ninapita.

Ndipo ninasikia vitu vinadondoka nyuma yangu. Ekzosi hizi hazina kitu ndani cha kuzuia, na kila nilicho nacho kinatoka. Vinatoka viatu vyangu vya zamani. Vinatoka vichekesho nilivyokuwa nasimulia Kondoa. Inatoka miji: Tunduru inadondoka kwenye lami na soko lake lote, Handeni inabingirika mtaroni. Kufika darajani sikumbuki nimewahi kwenda mahali popote isipokuwa Mombo, na Mombo yenyewe naikumbuka nusu, ule upande wa stendi.

Ninaiona nyumba yangu. Nayo inanisikia. Inakunja msingi wake kama mwanamke anayepandisha khanga avuke tope, inapanda ngazi moja ya shamba, halafu nyingine, mpaka inasimama juu kabisa kwenye miti ya plamu. Ninaifuata huko huko. Ninafika mlangoni nikihema.

"Hodi!" ninasema, na hodi inatokea mgongoni, inavunja chungu cha jirani.

Kimya. Au si kimya. Masikio yangu yamejaa mimi mwenyewe. Ninapiga hodi ya pili. Ya tatu. Mlango unanitazama. Labda alisema karibu. Labda alisema karibu mara zote tatu. Mimi sikusikia kitu, na mtu aliyepiga hodi tatu bila kujibiwa anageuza, ndivyo tulivyolelewa. Nikageuza.

"Lakini tumependeza," zile fupi zikanifariji.

"Kwa nani?"

"Kwa wanaopita."

Sikushuka mlima. Nilifumba macho tu, nikawa tena kwenye benchi la Salekwa, na yeye anafunga bolti za mwisho za zile ndefu nyeusi.

"Shikamoo mzee," zikasema, "kama hatukusumbui."

"Marahaba."

"Tunashukuru sana kwa kuitikia."

Hizi zilikuwa na adabu kiasi cha kumtia mtu wasiwasi. Ninapanda nazo mlima, na sisikii hata nyayo zangu. Ndege hawaruki ninapopita. Kuku anavuka barabara, ananikanyaga mguu, anaendelea na shughuli zake. Yule mbuzi niko mbele yake, ninamsubiri aniulize umri, nina jibu tayari safari hii. Anaendelea kutafuna.

Nyumba ipo mahali pake. Hilo likanipa moyo. Lakini uani pana turubai, pana masufuria makubwa juu ya mafiga, na watu wameketi kwa kuegemeana. Mzee Kaoneka amejitanda shuka, anapokea wageni.

"Kuna nini hapa?" nikamwuliza.

"Tumefiwa," akasema. Aliniona, ila hakunitambua, au alinitambua na akaona si wakati wake.

"Nani?"

"Jirani yangu, Shekiondo. Yule wa pikipiki."

"Maskini. Amefariki lini?"

"Hatuna hakika. Aliacha kusikika."

Nikaketi karibu naye. Ukipata nafasi ya namna hiyo huwezi kuiacha. "Alikuwa mtu mzuri?" nikauliza.

Mzee Kaoneka akatazama mlima. Akakuna kidevu. Akaanza kusema neno, akaliacha, akatafuta jingine. Watu wawili walikuja wakampa pole, akawaitikia, akarudi kufikiri.

"Alikuwa anasikika," akasema mwishowe.

Wali ukaanza kugawiwa. Nilikuwa na njaa, kutwa nzima nimepanda mlima mara mbili. Nikamwuliza mgawaji kama marehemu anaruhusiwa kula kwenye msiba wake. Akawauliza wazee. Wazee wakanong'onezana, wakasema swali hilo halijawahi kufika kwao, na wakati wanalitafakari sahani yangu akapewa mtu wa Bumbuli.

Mama Mbelwa akatokea upande wa mtoni na ndoo ya maji kichwani. Nikasimama mlangoni ili asikose kuniona.

"Hodi," nikasema.

Ilitoka nyuma kama hewa safi, ina harufu ya sabuni. Mama Mbelwa akanijia usoni, akapita katikati yangu kama mtu anayepita kwenye mvuke wa chungu, akaingia ndani.

"Hodi."

Akatua ndoo. Akajifunika khanga mabegani.

"Hodi, Mama Mbelwa."

"Baridi imeanza," akasema, akafunga mlango.

Sikugeuza. Ninajua nilitakiwa kugeuza. Nikakaa kwenye kizingiti, na kwa hasira nikaanza kuzigombeza zile ekzosi: kwamba kazi gani hii, kwamba mtu anaita mpaka mara tatu na wao wamekaa kimya kama wamelipwa.

"Mkwe," sauti ikaniita kutoka kwenye ekzosi ya kushoto.

Nilijua papo hapo ni nani. Marehemu mama mkwe. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni wala hakai naye mahali pamoja, na mimi adabu hiyo niliishika vizuri kuliko wengi, maana kila alipokuja kututembelea nilikuwa Handeni. Lakini safari hii adabu haikupata taabu yoyote. Ekzosi ilikuwa mgongoni kwangu. Hata ningetaka kumtazama nisingeweza.

"Naam, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hamjambo huku?"

"Hatujambo, mama. Mimi nimekufa kidogo."

"Pole. Utazoea."

"Mama, unafanya nini humo ndani?"

"Ninazuia. Fundi wako hakukwambia lazima awepo wa kuzuia?"

"Aliniambia ni kibati chenye matundu."

"Basi ndiye mimi."

Nikajikohoza. Kumlaumu mama mkwe si jambo jepesi, hata ukiwa marehemu mwenzake. "Lakini mama, umezuia kila kitu. Hata hodi umeizuia."

"Nitajuaje nini cha kuacha kipite? Humu ni ugenini, leo ndiyo naingia. Kibati cha humu hakina tundu ninalolijua. Kule kwenye ile ya zamani nilijua pa kuzuia na pa kuachia."

"Kule pia ulikuwemo?"

"Tangu siku uliyomchukua mwanangu ukamleta kwenye nyumba yenye mlango mmoja na mume anayekwenda Tunduru. Ningekuacha upite hivi hivi? Kikohozi kile ulidhani ni cha nani?"

Nimeendesha kikohozi cha mama mkwe wangu Kondoa nzima. Nimemwendesha sokoni, nimemwendesha mvuani, mara moja nimemwendesha mtoni mpaka taa ikazama.

"Kama nilikukosea mahali, mama..."

"Mtoni hukunikosea, nilifurahi. Sasa inuka. Nenda korongoni ukanitolee kibati changu. Na usikanyage upupu."

Nilikuwa nimeshakanyaga upupu. Korongo lilikuwa chini ya kizingiti wakati wote, sijui kwa nini hatukuwahi kuliona. Ekzosi ya zamani imekaa kati ya mawe, imejaa tope, na mdomoni mwake amekaa chura aliyenipisha kwa heshima.

"Umekuja," ekzosi ikasema.

"Nimekuja."

"Ulikuwa unanitafuta?"

Nikataka kusema ndiyo. "Hapana," nikasema. "Nimetumwa."

"Ndivyo nilivyodhani." Ikakohoa, tu-tu, ikanyamaza, tu, na nywele zote zikanisimama, maana sikujua kama nilikuwa nimeukumbuka mlio ule kiasi kile. "Usinichomelee," ikasema. "Mimi hapa si chuma tena, ni kutu iliyoshikana kwa mazoea. Kata nyuma, utoe kibati, ukakitie kwenye zile ndefu. Zina ngozi nzuri, hazina tu cha kusema."

"Wanasema lazima viwe pea."

"Mwenzangu wa kulia unaye kwenye kona ya chumba, chini ya magunia. Wewe hutupi kitu."

Ni kweli. Situpi kitu. Nikaikata kwa msumeno wa chuma uliokuwa mkononi mwangu tangu nilipouhitaji. Kibati kikatoka, cha duara, kina matundu mengi ya ukubwa mmoja, isipokuwa ukingoni kutu ilikuwa imekula pengo dogo lenye umbo la punje ya haragwe. Nikakitia mgongoni bila kutazama. Kikaingia kama mtu anayerudi kwenye kiti chake.

Na sasa ninapanda kwa mara ya mwisho.

Tu-tu, kimya, tu. Sipiti kwa kasi. Miji yangu ninaiokota njiani: Handeni kwenye mtaro, Tunduru kwenye lami, imekanyagwa na lori kidogo lakini itanyooka. Mbuzi ananitazama.

"Sasa ndivyo," anasema.

Ninavuka daraja. Mlio unagonga miamba, unatangulia. Uani Mzee Kaoneka anaacha kutafuna, ameshika tonge hewani.

"Marehemu anakuja," anasema. "Funikeni wali."

Wanafunika. Nyumba haijanyanyuka. Mlango haujasogea. Ninasimama mbele yake, na ghafla ninaona haya, kwa sababu mtu niliyezunguka nchi nzima sijui mkono unawekwa wapi mtu anapopiga hodi kwake.

"Hodi," ninasema. Tu-tu.

Ndani mwiko unasimama.

"Hodi," ninasema tena.

Ndani mtu anasikiliza. Ninamsikia anavyosikiliza.

"Hodi," ninasema ya tatu, na injini inafika pale kwenye ukimya wake wa katikati, ule mdogo kati ya tu-tu na tu, na haiendelei. Inangoja. Ukimya unanyooka mrefu kama barabara ya Kondoa. Miaka yote nilidhani pale injini inakosa mpigo, na kila fundi nimemlipa anirekebishie kabureta. Kumbe pale ndipo mtu anaachiwa nafasi ya kukujibu.

Nikatega sikio. Nikaamka.

"Karibu," sauti ikasema.

Nililala vilevile, nikitazama dari. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Upande wa pili wa kitanda palikuwa patupu, na moshi wa kuni unaingia kwa juu ya ukuta.

"Karibu nani?" nikauliza.

"Wewe," Mama Mbelwa akasema kutoka jikoni. "Nani mwingine anapiga hodi nyumbani kwake alfajiri kama karani wa sensa?"

Nikainuka, nikaenda jikoni na singileti yangu. Sufuria ya ugali ilikuwa motoni, maji yanachemka.

"Mbona ugali saa hizi?"

"Nimekusikia unapita darajani."

"Mama Mbelwa, nilikuwa kitandani."

Akageuka akanitazama, mwiko mkononi. "Mke mwenzangu yuko wapi?"

"Mombo. Hana ekzosi hata moja."

Akarudi kutazama maji. Akapunguza ukuni mmoja, akaurudisha. "Basi sijui," akasema. "Mimi nimesikia kama siku zote. Kikohozi cha mama akipanda kutoka mtoni. Nikaweka maji."

"Kikohozi cha nani?"

"Cha mama. Hukujua?" Alishangaa kweli. "Mlio ule wote ni mama, mpaka pale anaponyamaza apumue. Utajuaje, na ulikuwa hukai naye. Wewe ulidhani lile lipikipiki lako nililivumilia miaka yote kwa sababu gani?"

Nikapita kuchukua maji ya kunawa.

"Hebu simama," akasema. "Geuka. Umelalia nini? Una masizi mgongoni."

Nikavua singileti tukaitazama kwenye mwanga wa moto. Palikuwa na duara mbili nyeusi, moja kila upande, sawasawa na mahali pa mapafu. Ya kulia ilikuwa duara kamili. Ya kushoto ilikuwa na pengo ukingoni, dogo, lenye umbo la punje ya haragwe.

Mama Mbelwa akapitisha kidole kwenye ile ya kushoto, akakinusa. Alikaa nacho puani kwa muda.

"Nashuka kwa Salekwa," nikamwambia. "Nachukua zile ndefu. Ile mbovu ya chini ya magunia ninaibeba. Lakini kwanza nashuka korongoni."

"Korongoni kuna nini?"

"Kuna mtu nimeahidi kumchukua."

Aliongeza unga kwenye sufuria, akaanza kusonga, akanipa mgongo.

"Kula kwanza," akasema. "Na ukirudi usipige hodi."